Kipago cha Nne

Jumapili, 8 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana na kunikuta uani nimeshachimba mashimo mawili. Mama alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza namzika nani. Nikamwambia namzika yule mwoga aliyeanguka mwaka jana mbele za watu. Akasonya, akarudi ndani.

Naandika kwa sababu ya Refa, jirani yetu wa nyuma ya ukuta. Amechezesha mpira miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia, na filimbi bado anaivaa shingoni hata akienda dukani kununua chumvi. Anasema anayefanya mazoezi bila kuandika anajidanganya mwenyewe. Amejiteua kuwa kocha wangu. Sikumwomba, lakini sikumfukuza pia.

Mimi ni msusi, siku hizi nasukia hapa hapa nyumbani. Saluni yangu ya kwanza iliungua moto pamoja na safu nzima ya vibanda, na siku ile nilisimama pembeni na ndoo ya maji nisijue pa kuimwaga. Zimamoto walipokuja, kati yao alikuwemo mwanamke. Alipanda ngazi kama mtu anayepanda kitandani kwake, akamshusha fundi viatu aliyekuwa amekwama juu ya paa akilia kwa sauti. Tangu hapo sitaki tena kusimama pembeni na ndoo. Mwaka jana nikaenda kwenye usaili wao. Mbio nilikimbia, mpira wa maji niliuvuta, nikafika kwenye ngazi. Ni ngazi ya chuma iliyoinamishwa, unaipanda kwa upande wa chini, mikono mitupu, miguu ikining'inia hewani, mpaka juu kabisa kwenye kengele. Ukigonga kengele umepita. Mimi nilifika kipago cha nne. Vidole vilishika, mabega yakagoma, nikashuka kama gunia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Usaili mwingine ni mwanzoni mwa Juni. Hawachukui mtu aliyepita thelathini, na mimi thelathini nimeshaifikia. Ni Juni hii au basi. Kwa hiyo najenga ngazi yangu mwenyewe, hapa hapa uani, nipande kila siku mpaka mabega yanyooshe mikono juu na kuomba radhi.

Jumanne, 10 Machi

Mjomba, kaka yake Mama, ameleta nguzo mbili. Ni boriti za paa la ghala la zamani alilobomoa, zimekauka mpaka ukizigonga zinalia kama chuma. Mjomba ni fundi vitanda. Vitanda vyake ni imara, sikatai, ila vinapiga kelele. Mtaa mzima unajua nani amegeuka upande.

Tumegombana kuhusu vipago, ile miti ya kushika na kukanyaga. Yeye anataka kuvipigilia misumari juu ya nguzo, amalize kabla ya chai.

"Mjomba, sitaki misumari. Mtu akining'inia na kuyumba kila siku, msumari unalegea."

"Wewe umesomea nywele."

"Ndiyo, na vitanda vyako vinalia."

"Kitanda kinalia kwa sababu ya wanaolala," akasema, "si kwa sababu ya fundi."

Mwishoni akakubali tutoboe nguzo kwa keke yake, ile ya kuzungusha kwa mkono, na kila kipago kiingie kwenye tundu pande zote mbili. Lakini alikubali kwa shingo upande, na chai ya pili hakuinywa.

Jumamosi, 14 Machi

Upepo wa jana umeuangusha mkaratusi wa Refa uani kwetu, naye amesema tuuchukue. Ameangukiwa na mti, mimi nimeangukiwa na bahati. Matawi yake yamenyooka, unene wake ni wa kushika mkononi barabara. Nimepata vipago vyote bila kutoka nje ya geti. Mti ukiwa mbichi unachongeka kama sabuni.

Mama naye hakuachwa nyuma. Amekata kilele kikawa nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, akamlazimisha Mjomba aitoboe tundu moja, kisha akapigilia humo kipande cha mchi wake wa zamani ili atundike ndoo ya vibanio. Mchi wenyewe ulivunjika zamani, ukawa unakaa darini jikoni ukila moshi. Mama hatupi kitu. Shina la mti tumeliacha limelala kando ya ukuta na magome yake.

Jumapili, 15 Machi

Mvua.

Jumanne, 17 Machi

Nimegundua namna ya kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kila anayekuja kusukwa namkalisha, nampa kipago na kipande cha msasa. Mimi nasuka, yeye anasugua. Wengine wamenuna, lakini yule mama mwenye mapacha amefurahi sana, anasema leo ndiyo mara ya kwanza amekaa saa tatu bila mtu kumvuta nguo. Kasugua viwili na kuomba cha tatu.

Jumamosi, 21 Machi

Imesimama! Nguzo mbili zimezama ardhini, zimeinama, nyuma yake zimeegemezwa miti miwili, na katikati vipago kumi vimejipanga mpaka juu. Mjomba alivigonga kwa nyundo ya mti huku akilalamika, na vyenyewe viliingia vikilalamika. Vimebana utadhani vimeota humo. Hata yeye alishika kimoja, akakitikisa, akasema, "Mh." Kwa Mjomba hiyo ni hotuba.

Nimening'inia mara moja tu, kipago cha kwanza, mvua ikininyeshea usoni. Mabega yaliwaka moto. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Mama alikuwa dirishani. "Ukidondoka usiniite," akasema.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Cha kwanza, cha pili. Kitana kimenidondoka mara mbili nikisuka.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo cha tatu. Refa amesimama chini na mwavuli, akipuliza filimbi kila nikirusha miguu. Amenipa kadi ya njano kwa kujizungusha. Nikamuuliza kadi ni ya nini ikiwa niko peke yangu uwanjani. Akasema sheria ni sheria.

Nikiri kitu. Nilidhani anajipendekeza apate mahali pa kupotezea jioni zake. Lakini leo alinionyesha namna ya kuvuta bega chini kabla ya kuvuta mkono, na nilipanda kama nimepunguziwa mtu mmoja mwilini. Jioni nikampelekea chai.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua imekata tangu Jumatano. Jua kali, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Mama anaimba. Nimegusa kipago cha nne kwa ncha za vidole.

Jumanne, 14 Aprili

Kipago cha nne kimelia. Kidogo tu. Kama kitanda cha Mjomba.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo kimezunguka mkononi mwangu. Nimekishika, nikavuta, kikageuka kama mpini wa mlango. Si hicho tu, na cha pili, na cha sita. Nilishuka haraka.

Mjomba aliitwa, akaja na misumari mfukoni. Lakini Mama akamwahi. "Jembe likilegea mpini tunafanyaje?" Nyumba hii jembe likilegea linalazwa kwenye beseni la maji, asubuhi limebana, mnaenda kulima. Bibi alifanya hivyo, Mama anafanya hivyo, hakuna aliyewahi kununua kabari. Kwa hiyo tumechota maji, tumeinywesha ngazi nzima kuanzia juu mpaka chini, tumefunga matambara yaliyolowa kwenye kila tundu. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akifunga, huku akisema tena na tena kwamba yeye hataki hata kuiona ngazi hii.

Ijumaa, 17 Aprili

Vimebana vyote. Mama anatembea kifua mbele.

Jumamosi, 18 Aprili

Maji. Vimebana.

Jumatatu, 20 Aprili

Maji asubuhi na jioni. Jua halina huruma.

Jumanne, 21 Aprili

Asubuhi vimebana, mchana vinazunguka. Kila siku vinalegea zaidi ya jana, na kila siku tunamwaga maji zaidi ya jana. Mjomba anagongagonga misumari mfukoni mwake, nisikie.

Alhamisi, 23 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo maandishi haya yanafanana na ya kuku aliyekanyaga wino.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Mjomba haya, piga misumari. Alipiga kila kipago pande zote mbili, haraka, kwa furaha ambayo hakuificha. "Sasa hapo umepata ngazi," akasema. Na leo asubuhi, kwa kweli, hakuna kilichozunguka. Nikapanda. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Refa alikuwa anapiga makofi. Nikakishika cha nne kwa mikono yote miwili kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, nikahisi mabega yananibeba, nikajua leo napita. Nikajivuta.

Nikasikia mti unachanika. Ule msumari ulikuwa umeupasua mwisho wa kipago, na kilichobaki kikachomoka kwenye tundu lake kama jino bovu. Nilianguka chali, mkono wa kulia chini yangu.

Nilichokisikia kwanza ni filimbi. Refa alikuwa anapuliza bila kuacha, nafikiri hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Halafu Mama. Alikuwa ameniambia nisimwite, na sikumwita, lakini alifika kabla sijavuta pumzi, unga mikononi, kiatu kimoja mguuni. Alinipapasa kichwa, mgongo, miguu, akaniita kwa jina la utotoni ambalo siandiki hapa. Kisha alipoona ni kifundo cha mkono tu, hasira zikampanda.

"Yatosha! Umeanguka mbele za watu, sasa unaangukia nyumbani kwangu. Una kazi yako, una mikono ya kusukia, unataka nini tena?"

Mjomba alikuwa amesimama na nyundo yake kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Sikumgombeza. Mimi ndiye niliyesema piga.

Zahanati wamesema haukuvunjika, umeteguka. Wiki tatu usinyanyue kitu. Nikahesabu Juni iko wapi, nikalia kwenye mto ili Mama asisikie. Alisikia. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, na kitanda cha Mjomba kikatangaza kwa nyumba nzima kwamba tumekaa wawili.

Jumamosi, 25 Aprili

Siwezi kusuka. Wateja wanakuja kunipa pole, wananikuta nimekaa mlangoni naitazama ngazi, nayo inanitazama.

Jumanne, 28 Aprili

Niandike polepole nisiruke kitu.

Asubuhi Mama alikuwa anaanika mashuka. Moja likanasa kwenye kile kipande cha mchi alichokipigilia kwenye nguzo ya kamba, likachanika. Akakasirika, akakishika akivute kitoke. Hakikutoka. Akakipiga kwa jiwe upande wa nyuma. Wapi. Akamwita Mjomba, ambaye siku hizi anakuja kila asubuhi kuuliza hali ya mkono wangu na kuondoka bila kungoja jibu. Mjomba akakivuta, akakizungusha, akatema mate viganjani, akakivuta tena.

"Nani alikitia gundi hiki?"

"Gundi nitoe wapi? Nilikigonga mwenyewe kwa mkono wangu."

Refa akaruka ukuta, polepole kwa sababu ya magoti. Wakavuta watatu, Mama kamshika Mjomba kiuno, Refa kamshika Mama bega, wakihesabu moja, mbili, tatu. Nguzo nzima ilitikisika, ndoo ikaanguka, vibanio vikatawanyika vumbini. Mchi umetulia kana kwamba si wenyewe unaovutwa. Nilicheka, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nianguke.

Halafu nikaacha kucheka. Nikainuka, nikakishika kile kipande kwa mkono wangu mzima, nikakunja miguu. Uzito wangu wote ukaning'inia pale. Hakikulia. Hakikugeuka hata unywele.

Nguzo ile ni mkaratusi ule ule. Ilitobolewa kwa keke ile ile, wiki ile ile, ikapigwa na jua lile lile. Kuna tofauti moja tu. Kwenye ngazi yangu, nguzo ndizo zilikuwa kavu na vipago vibichi. Jua likaja, vipago vikakonda ndani ya matundu yao, nasi tukavinywesha maji, vikavimba, vikajiminya, na vilipokauka tena vikakonda zaidi. Hapa mchi ndio mkavu, umekaa moshini miaka, hauna cha kukonda tena. Kilichokonda ni nguzo. Tundu ndilo lililopungua, likaukaba mchi shingo.

Nikawaeleza. Walinisikiliza wameduwaa, mashuka yakiwa chini.

Mjomba akakishika tena kile kipande, akakitazama huku na huku.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "vitanda vyangu..."

"Mjomba, tuzungumze ngazi kwanza."

Mama aliokota vibanio vyake kimoja kimoja. Nilijua anatafuta la kunizuia. Kisha akasema, bila kunitazama, "Lile shina kando ya ukuta bado lina maji ndani. Ukiligusa gome linateleza." Ndivyo alivyonipa ruhusa.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua imerudi. Safari hii naipenda, inatuwekea shina bichi. Mjomba amelipasua vipande viwili kwa kabari na nyundo kubwa, amelichonga nguzo mbili mpya nyeupe, zinanukia dawa ya mafua. Misumari hakuja nayo. Sikuuliza.

Jumanne, 5 Mei

Vipago vya sasa tumevikata kutoka kwenye zile boriti kavu za ghala. Mjomba amevichonga mviringo, wateja wanavisugua. Lakini hewa hii ya mvua inalowanisha kila kitu, na mimi nataka ncha zake ziwe kavu kuliko mfupa. Nikaangaza macho saluni kwangu, nikaona drayer, lile kofia kubwa la kukaushia nywele. Nikavisimamisha vipago humo kama wateja watulivu, nikawasha.

Yule mama mwenye mapacha aliingia kichwa kimelowa.

"Kwa hiyo mimi nasubiri mbao zikauke?"

"Zilitangulia kufika, dada."

Alikaa akasubiri. Tena akawa anavigeuza.

Jumamosi, 9 Mei

Imesimama tena. Vipago vikavu, nguzo mbichi. Mjomba alipovigonga havikulalamika sana kama vile vya kwanza, na nilipovishika baadhi viliteleza kidogo kwenye matundu. Niliogopa. Mjomba akaniona.

"Kile cha Mama yako kilikuwa hivi hivi siku ya kwanza," akasema. "Kiliingia kama kidole kwenye pete. Liache jua lifanye kazi yake."

Safari hii hakuna matambara. Mama amepigwa marufuku kusogea na ndoo ya maji. Amesema mimi sikumzaa yeye, yeye ndiye aliyenizaa.

Jumapili, 10 Mei

Mvua.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua. Natembea, nachuchumaa, nakimbia na Refa nyuma yangu juu ya baiskeli, akipuliza.

Alhamisi, 14 Mei

Mkono unashika kitana. Kesho utashika zaidi ya kitana.

Jumapili, 17 Mei

Jua. La kweli, si la kuchungulia. Nimezunguka ngazi nikikamata kipago kimoja kimoja, nikikizungusha kwa nguvu zangu zote. Kumi, na hakuna hata kimoja kilichonijibu. Nimening'inia kwenye cha kwanza, kifundo kinauma kidogo, maumivu ya kuvumilika.

Jumanne, 19 Mei

Jua. Cha pili.

Jumatano, 20 Mei

Jua. Cha tatu. Zamani nililiogopa jua hili, sasa nalitazama kila asubuhi kama mtu anayengoja fundi wake afike kazini.

Ijumaa, 22 Mei

Cha nne.

Niache nafasi hapa, nikiandika zaidi nitalia tena.

Cha nne kilinishika, nami nikakishika. Nikakaa pale, miguu hewani, nikiisikiliza ngazi nzima. Kimya. Refa alisahau hata kupuliza. Kisha nikaenda cha tano, na cha tano sikuwa nimewahi kukijua katika maisha yangu, ni mahali pageni kabisa. Kutoka pale unaona juu ya ukuta, unaona bati za majirani na nguo zao za ndani. Nikashuka kwa mikono, kipago kwa kipago, sikudondoka.

Jumanne, 26 Mei

Nimeamka nikakuta kitu kinang'aa juu ya ngazi. Ni kifuniko cha sufuria kubwa ya Mama, kimefungwa kwa kamba juu ya kipago cha mwisho. Amepanda lini, kwa umri ule, sijui. Nilipomuuliza alikuwa anapika, na sufuria amefunika kwa sahani.

"Wamesema huko kuna kengele," akasema. "Mimi sina kengele."

"Mama..."

"Na usinicheleweshee kifuniko changu juu huko. Sahani hii inanitoa jasho, kila mvuke ukipanda inateleza. Kigonge, yaishe, nirudishiwe."

Leo nimefika cha nane.

Ijumaa, 29 Mei

Nimekigonga! Kwa kiganja, mara tatu, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Mama alitoka jikoni na mwiko, akanitazama kule juu, akasema, "Haya, leo umegonga. Na kesho?" Akarudi ndani. Sahani ikaanguka chini, nikamsikia akiilaumu.

Mjomba alikuja jioni, akazungukazunguka, akauliza kama drayer iko huru Jumapili. Ana miguu minne ya kitanda na mbao za pembeni. Mteja wake ni bwana harusi, na anataka kitanda kisichosema ovyo.

Jumanne, 2 Juni

Vumbi, upepo mkavu, uwanja wa zimamoto. Tulikuwa wengi, vijana wenye vifua kama milango. Watu wamejazana nje ya uzio kutazama, wengine ni wale wale wa mwaka jana, nikamsikia mmoja akisema, "Yule gunia amerudi." Nilitabasamu.

Mbio, sawa. Mpira wa maji, sawa. Kisha ngazi. Mbele yangu kijana mmoja mkubwa alipanda kwa kishindo, alipofika cha saba vidole vikamfunguka. Mwingine vile vile. Mabega wanayo, vidole hawana. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi nimeshika nywele za watu tangu nikiwa binti, nikivuta na kukaza kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kumbe nusu ya kazi nilikuwa naifanya kila siku nikiwa nimesimama nyuma ya kiti.

Chuma kilikuwa cha moto. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne mwili wangu ulisita wenyewe, ukikumbuka. Nikasikia nje ya uzio filimbi fupi, kali, ya mtu anayetoa kadi. Nikavuta bega chini. Nikapanda. Cha tano, cha sita, nyuso za chini zikawa ndogo, cha saba, mikono inawaka lakini inatii, cha nane, cha tisa. Kengele ilikuwa pale, ya shaba, imechakaa. Niliigonga kwa nguvu kupita kiasi, ikatoka kwenye ndoano yake ikabaki inaning'inia upande mmoja.

Nilishuka kwa mikono. Hakuna aliyelazimishwa kushuka kwa mikono.

Afande aliyekuwa akiandika alikuwa mwanamke. Sijui kama ni yule wa siku ya moto, moshi ulikuwa mwingi siku ile. Alinishika viganja, akavigeuza.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Vichwani mwa watu, afande. Mimi ni msusi."

Alicheka, akaniambia nisubiri majina Ijumaa. Nyumbani Mama aliuliza neno moja tu, "Umegonga?" Nikasema nimegonga. Akaniwekea maji ya kuoga bila kuombwa.

Jumatano, 3 Juni

Kusuka.

Alhamisi, 4 Juni

Kusuka. Nimemkaza mteja mmoja mpaka macho yakamlegea, nikamwomba radhi.

Ijumaa, 5 Juni

Majina yamesomwa asubuhi kwa kipaza sauti pale getini. Nimesikia langu. Nikaomba lirudiwe, likarudiwa. Ninaripoti mafunzoni Jumatatu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga nitakavyomwambia Mama. Nilitaka kusema vizuri, kwa maneno ya maana. Nilipofungua geti niliwakuta wote uani wakijifanya wana shughuli. Mjomba anapima mbao ambayo ilishapimwa. Refa anapanguza filimbi. Mama ameinama juu ya beseni la nguo, hakuinua kichwa, ila mikono yake ilikuwa imesimama majini.

Basi nikaenda moja kwa moja kwenye ngazi, na gauni langu la kutokea na viatu vyangu. Nikadaka kipago cha kwanza. Nikapanda kwa mikono hadi cha nne, cha tano, cha tisa, vipago vimetulia ndani ya nguzo zao kana kwamba mti ulizaliwa navyo, nikafika juu na kukipiga kifuniko kile kwa ngumi, nikakipiga, nikakipiga, mpaka majirani wakatoka milangoni.

Mama alipiga kigelegele ambacho sijawahi kumsikia akikipiga hata harusini. Mjomba alikuwa anarukaruka na mbao yake. Refa alipuliza filimbi ya kumaliza mechi, ndefu, mpaka pumzi ikamwishia akakohoa.

Mama alikuja akasimama chini ya ngazi, povu hadi viwikoni, analia bila kuficha. Nikaanza kuifungua kamba ili nimrudishie kifuniko chake, kama alivyoagiza.

"Kiache," akasema.

"Mama, na sufuria je?"

"Kiache hapo hapo. Mimi na sahani tumeshazoeana."